Shangazi na Daftari la Tarehe: Miaka Thelathini na Mmoja ya Katibu Wetu

Tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Katibu Mtendaji wa Chama cha Mameneja wa Wasanii wa Muziki wa Klasiki anastaafu rasmi, baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe. Nilimwonyesha aya ya kwanza ya wasifu huu ikiwa na maneno "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi akiwa ameyapigia mstari. Aya nyingine sikumwonyesha, kwa sababu ambayo msomaji ataielewa akifika chini.

Kwa wageni waliofika leo kwa ajili ya keki tu, na wapo, naeleza kwanza kazi yetu. Meneja wa msanii ni mtu anayemtafutia mpiga fidla au mwimbaji ukumbi, safari na mahali pa kulala, anayemsomea mkataba mpaka zile herufi ndogo za chini, na anayepokea simu za watu wenye hasira ili msanii asizipokee yeye. Ni watu wa maneno mengi, na wote wanazitaka kumbi zilezile kwa Jumamosi zilezile. Chama kipo ili wagombane kwa utaratibu. Kwa robo karne sasa, mshika utaratibu huo amekuwa Shangazi.

Nani alianza kumwita hivyo, hakuna anayekumbuka. Ninachojua ni kwamba hata wanachama waliomzidi umri humwita Shangazi, na wakipanda ngazi za ofisi yetu, juu ya duka la miwani, hupunguza sauti wakifika ghorofa ya pili.

Alianza kazi tarehe 19 Februari akiwa mpiga chapa. Chama kilikuwa na wanachama kumi na tisa, chumba kimoja, na mashine ya chapa ambayo herufi yake ya R ilikuwa inaruka. Kwenye usaili aliulizwa anajua ala gani ya muziki. Akajibu kwamba anajua redio, na kwamba hata hiyo ni ya jirani. Waombaji wengine wawili walikuwa wanapiga piano vizuri sana. Mwenyekiti wa wakati ule aliwaambia wenzake wamchukue huyu asiyepiga kitu, maana angalau barua zitaandikwa. Zikaandikwa. Baada ya miaka sita ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji, na mashine yenye R inayoruka ikapelekwa stoo, iliko mpaka leo, kwa kuwa hakuna kikao kilichowahi kuidhinisha itupwe.

Mafanikio yake ni mengi, nami nitayataja machache kwa sababu ukurasa una mwisho. Chini ya uongozi wake wanachama wamefika mia moja arobaini na wawili. Aliandaa mkataba wa mfano ambao leo kila meneja mpya hupewa siku ya kujiunga, wenye kifungu kinachoeleza bayana nini kinafanyika mwimbaji akipoteza sauti saa sita kabla ya onyesho. Alianzisha mafunzo ya wiki mbili kwa mameneja wapya, na somo la kwanza yeye mwenyewe hulifundisha: namna ya kukata simu bila kumkasirisha mtu. Amesuluhisha migogoro sitini na minne kati ya wanachama. Miwili tu ndiyo iliyofika mahakamani, na katika mmojawapo wahusika walikuwa mke na mume.

Aliandika pia ile tunayoiita Barua Namba Nne, inayotumwa hotelini kabla ya mwimbaji kufika, kuomba aruhusiwe kufanya mazoezi chumbani asubuhi. Hoteli moja ilituandikia baadaye ikilalamika. Tulidhani ni kelele. Kumbe wageni wa ghorofa ya tatu walitaka kujua kwa nini yule mama aliacha kuimba siku ya Alhamisi, na kama ni ugonjwa, apelekewe pole zao.

Wengi mnamkumbuka kwa saa ya jikoni, ile ya kupimia mayai, anayoiweka mezani kwenye mkutano mkuu. Kila msemaji ana dakika nne, ikilia, unakaa. Mwaka wa kwanza ilimlilia mwenyekiti katikati ya kuwakaribisha wageni, akakaa, wageni wakabaki hawajakaribishwa hadi leo. Na kuna lile kundi la wapiga ala za kupuliza, watu wanne, waliogombana hadi kila mmoja akaajiri meneja wake. Mameneja wanne walikuja kwetu wakiwa na mafaili manne na hasira za kutosha jengo zima. Shangazi alikuwa ameondoa viti vyote chumbani. Kikao kilichotarajiwa kuchukua asubuhi nzima kiliisha kwa dakika kumi na saba, wote wamesimama, na kundi lile lina meneja mmoja sasa.

Lakini kazi iliyomjengea jina ni Daftari la Tarehe. Zamani kila meneja alikuwa anapiga simu ukumbini kuomba siku, na kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Wenye kumbi walichoka. Shangazi akawaendea mmoja baada ya mwingine akawaomba foleni hiyo ishikwe na chama. Tangu hapo meneja akitaka siku fulani kwa msanii wake, hupiga simu kwetu, na Shangazi humwandika kwa penseli kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kufanya hivyo tunakuita kushika tarehe. Mwingine akiitaka siku hiyohiyo huandikwa chini yake na kusubiri. Wa kwanza akiiachia, jina lake hufutwa kwa kifutio, wa pili anapanda. Akisaini mkataba na ukumbi, huandikwa kwa wino na mjadala unafungwa.

Utaratibu huu una kosa moja lisilosameheka: kutangaza tarehe usiyoishika. Meneja akimtangaza msanii wake kwa siku ambayo si yake, anafutwa uanachama, na asiye mwanachama hapokelewi na ukumbi wowote wa maana. Ushahidi ni daftari. Kwa miaka kumi na moja ya mwanzo hakuna aliyewahi kushindana na daftari akashinda.

Miaka kumi na minne iliyopita kuna meneja alishtakiwa kwa kosa hilo. Meneja huyo ni mimi ninayeandika.

Nilikuwa na miaka miwili kwenye kazi na msanii mmoja tu, mwimbaji wa soprano ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo na kunyamaza mwaka mmoja na nusu. Ofisi yangu ilikuwa meza ya kulia chakula ya dada yangu, na ilibidi niihame saa saba mchana watoto wakirudi. Niliishika Jumamosi ya kufungulia msimu kwenye ukumbi mkubwa, viti mia tisa, ili mwimbaji huyu arudi jukwaani kwa heshima. Ilikuwa siku yake ya kufa kupona. Yangu pia. Wiki hizo hizo nilikuwa namwangalizia mwenzangu aliyekuwa likizo mpiga piano wake, na yeye pia nilikuwa nimemshikia Jumamosi ileile, nafasi ya pili, endapo koo la mwimbaji lingegoma. Koo halikugoma. Nikapiga simu kuiachia ile nafasi ya mpiga piano.

Baada ya hapo nikazungumza na gazeti. Habari ikatoka na picha: mwimbaji anarudi. Siku tisa baadaye ukumbi ukatoa ratiba ya msimu, na Jumamosi ile ilikuwa ya kundi la wapiga fidla la meneja mwingine, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni. Ukumbi ulituma malalamiko kwa chama. Mwimbaji wangu alituma barua ya mistari miwili akinitaarifu kwamba amepata meneja asiyedanganya. Nami nikaitwa mbele ya kamati ya utendaji, Jumanne, saa nane mchana.

Watu saba walikaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, na Shangazi pembeni akiandika muhtasari kama kawaida yake. Niliapa kwamba tarehe niliishika na sikuiachia. Mwenyekiti, meneja mkongwe wa wapiga piano, mtu mpole, alilifungua daftari akanigeuzia. Ukurasa ulikuwa mweupe mahali ambapo jina langu lilipaswa kuwa. Sikuwa na karatasi yoyote, kwani tarehe zilishikwa kwa simu. Nilikuwa nimekalia kuti kavu, na kila mtu chumbani aliona. Mmoja wa wajumbe alisema, kwa upole unaouma kuliko ukali, "Mwanangu, ungesema tu ulikosea, tungejua pa kuanzia."

Hapo Shangazi aliomba kikao kisimame kidogo. Hakuwahi kuomba hivyo. Akachukua daftari akaenda nalo chumba cha pili.

Ili mfahamu alichokuwa akikiweka rehani: ajenda namba tatu ilikuwa mimi, na ajenda namba tano ilikuwa mkataba wake yeye, uliokuwa unafika mwisho. Na mwezi mmoja kabla, wenye kumbi walikuwa wameandika kwamba daftari likikosea hata mara moja, kila ukumbi utajishikia foleni yake. Kwa hiyo kulikuwa na njia rahisi sana. Mimi nilikuwa mgeni, sina ushahidi, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

Aliporudi hakukaa. Alisema, "Tarehe aliishika. Alinipigia kuiachia nafasi ya mpiga piano, mimi nikatazama jina la meneja badala ya jina la msanii, nikafuta mistari yote miwili. Nimeiweka karatasi dirishani, alama za penseli bado zipo. Kosa ni langu, si lake." Akaliweka daftari mbele ya mwenyekiti. Kisha akakaa, akachukua kalamu, na kwa kuwa yeye ndiye mwandishi wa vikao, akaandika maneno yake mwenyewe kwenye muhtasari: Katibu Mtendaji aliiarifu kamati kwamba kosa ni lake. Wajumbe saba walipokezana daftari dirishani. Mimi nilikuwa nalia, tena si kilio cha adabu.

Nilisafishwa siku ileile. Shangazi aliongezewa mkataba wa mwaka mmoja badala ya minne, pamoja na barua ya onyo ambayo aliipiga chapa mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuipiga. Ukumbi mkubwa ulijitoa kwenye foleni yetu kwa msimu mzima. Kila Jumatatu asubuhi alikwenda kwa miguu hadi kwa mkurugenzi wake, daftari kwapani, kumwonyesha lilivyoandikwa wiki hiyo, hata mkurugenzi alipokuwa hamkaribishi kiti. Msimu uliofuata ukumbi ulirudi.

Tangu hapo kifutio hakiruhusiwi ofisini kwetu. Tarehe ikiachiwa, hupigwa mstari mmoja ili maandishi yasomeke, na mtu wa pili anaweka sahihi. Siku hizi tarehe zimo kwenye kompyuta, lakini daftari linaendelea sambamba, na sheria ni ileile. Penseli zikinunuliwa, Shangazi huketi na wembe akikata vile vifutio vyekundu vya mwishoni, kimoja kimoja, kabla ya kuzigawa. Mgeni aliwahi kumkuta katika shughuli hiyo akadhani amemkosea kitu.

Sitaki mtu afikiri kwamba nilimpenda siku hiyohiyo. Nilimkasirikia. Jina langu lilirudi safi, lakini Jumamosi haikurudi, na mwimbaji wangu alikuwa ameshasaini na mwingine. Aliimba miaka miwili baadaye, ukumbi mwingine, nami nilinunua tiketi nikakaa mstari wa kumi na mbili. Aliimba vizuri mno. Miaka miwili mizima nilipokutana na Shangazi kwenye ngazi nilimsalimu kwa kichwa, yeye akanisalimu kwa mdomo, kila mara, kana kwamba hakuona.

Ndipo akanipigia simu kuniambia nafasi ya Naibu Katibu iko wazi na angependa niiombe. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Nataka mtu asiyeniamini." Kwa miaka kumi na miwili tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa pili anayeweka sahihi. Tumegombana kuhusu dirisha (yeye hutaka liwe wazi hata mvua ikinyesha), kuhusu faili za rangi gani ziende wapi, na kuhusu nyimbo anazoziimba kwa kuguna akifanya kazi, ambazo mpaka leo sijazitambua, na yeye amekaa na wanamuziki miaka yote hii. Nimemkuta na makosa mawili ya tarehe katika muda wote huo. Mara zote mbili alinishukuru kisha akanuna hadi chakula cha mchana.

Wanaomngojea nyumbani ni mume wake, fundi wa cherehani, ambaye kila siku saa kumi na nusu husimama mbele ya duka la miwani akijifanya anachagua fremu; binti yake, daktari wa meno, anayesema mama yake ndiye mgonjwa pekee anayekuja na ajenda; na wajukuu wawili mapacha walioanza kujifunza piano. Ameshatoa agizo kwamba wakifika jukwaani wasitafutiwe meneja kabla hajawasaili yeye.

Ningeishia hapa, na ungekuwa wasifu wa kutosha. Lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa napanga kabati la chuma kwa ajili ya makabidhiano, nikafika kwenye faili la kikao kile cha Jumanne. Nyuma ya muhtasari kulikuwa na bahasha. Ndani yake mna barua ya mkono ya Shangazi kwa mwenyekiti, yenye tarehe ya siku ileile na saa juu yake: saa tisa na dakika ishirini. Muhtasari unaonyesha kikao kilisimama saa tisa na robo, kikarejea saa tisa na nusu. Aliiandika mle chumba cha pili, kabla hajarudi kusema lolote.

Barua ni fupi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimefuta tarehe ya mwanachama kwa uzembe wangu na sasa hivi ninakuja kuiambia kamati. Ninaacha kazi kuanzia leo. Msiniandikie mimi barua ya shukrani, mwandikieni yeye ya kumsafisha, maana ndiye anayehitaji kuonyesha watu." Kwenye kona, kwa mwandiko wa mwenyekiti, pana maneno mawili: "Isubiri kwanza."

Mwenyekiti yule sasa ni marehemu. Hakuwahi kumwambia mtu, na Shangazi hakuwahi kumuuliza. Alikuja kazini kesho yake, na kesho yake tena, kwa miaka kumi na minne, akiwa ameshaacha kazi. Miaka miwili ya mwanzo kati ya hiyo mimi nilikuwa nikimnunia kwenye ngazi, nikidhani ndiye aliyetoka kikaoni akiwa na kila kitu mkononi.

Kanuni za chama, ibara ya kumi na nane, ambayo aliiandika yeye, zinasema barua yoyote kwa mwenyekiti ijibiwe ndani ya siku thelathini. Hii haikujibiwa. Niliipeleka kwenye kikao cha kamati ya utendaji wiki iliyopita, chini ya Mengineyo, yeye akiwa ametumwa benki na mwenyekiti wa sasa kwa shughuli ambayo haikuwepo. Mjadala ulichukua dakika tatu. Saa ya jikoni ilikuwa mezani ila haikulia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Shangazi, najua unaisoma hii ukiwa umekaa meza ya mbele, na najua umeshaona kosa moja la chapa na unalitafutia kalamu. Iache kalamu kidogo. Kwa niaba ya wanachama mia moja arobaini na wawili, kumbi zao na wasanii wao, tunakushukuru kwa kila tarehe. Tunakuombea afya, usingizi wa mpaka saa tatu asubuhi, na mzee wako asichoke kukusindikiza. Mimi nina asante yangu, ambayo nilipaswa kukupa Jumanne ile na badala yake nikakupa kisogo. Nimekaa kwenye kazi hii kwa sababu ulisimama. Asante.

Na jibu lako, lililochelewa miaka kumi na minne, liko ndani ya bahasha iliyo mbele yako, likiwa na sahihi za wajumbe wote saba. Lina mstari mmoja: Ombi la kuacha kazi limekataliwa.